Taa Inayokonyeza Ikizimwa

Nyumbani, 4 Mei

Kitinda mdogo wangu,

Balbu zimefika, hakuna hata moja iliyopasuka. Mshukuru sana huyo dereva wa lori la sabuni. Nimezifunga siku ileile: sebuleni, koridoni, jikoni na bafuni, na moja nikampa wifi yako aweke chumbani kwake, asije akasema nambagua. Chumbani kwangu nimeacha ile ya zamani. Mwanga wake ni mzuri, mweupe. Hata mimi mwenye mtoto wa jicho nimeona vumbi ambalo nimeishi nalo miaka bila kujuana.

Sasa sikiliza. Zinakonyeza.

Zikiwa zimewashwa zimetulia kama wasichana wakimwona mkaguzi. Shida ni ukizizima. Unazima, unakaa, giza linaingia vizuri, mara ile ya sebuleni inamweka, paa! Halafu kimya. Ukianza kusema labda ni macho yako, inamweka tena. Na jikoni hivyo hivyo, na bafuni, na koridoni. Taa imezimwa, Kitinda, inapata wapi nguvu ya kukonyeza?

Najua utauliza kwa nini sikupigii simu. Kati ya chumba changu na cha wifi yako kuna ukuta wa mbao tu, na yule mwanamke ana masikio kama sahani za televisheni. Nikikohoa, ananiuliza asubuhi kama nimepona. Kwa hiyo mambo haya tuyaandike.

Nimekuwa matroni wa bweni la wasichana mpaka nikastaafu. Najua taa haikonyezi bure. Dirisha la sebule linatazamana na kinyozi wa ng'ambo ya barabara, naye siku hizi amegeuza kiti chake cha kupumzikia, kimeelekea kwetu. Halafu kuna hii tiki. Kila jioni, wifi yako kabla hajaingia kupika, nasikia koridoni tiki. Kimya. Tiki nyingine. Nikichungulia namkuta amesimama, mkono ukutani. "Nazima taa, wifi." Taa ambayo hakuna aliyeiwasha!

Mimi sisemi kitu bado. Ila nyumba hii waliijenga baba na mama, na chumba kile alikaa kama mke wa mdogo wangu. Mdogo wangu hayupo tangu mwaka jana. Nimemvumilia mkewe kwa heshima yake. Nikithibitisha kwamba ananichezea ndani ya nyumba yetu, ataondoka.

Muulize huyo fundi umeme wenu.

Dada yako

*

Kiwandani, 12 Mei

Dada, shikamoo.

Barua yako nimeisoma kwenye meza ya kufungia sabuni, nikacheka mpaka msimamizi akaja kuniuliza nina nini. Nikamwambia nyumbani kwetu balbu zimepata mchumba.

Fundi wetu, yule tunayemwita Volti, anasema usimshike mtu kabla hujaishika balbu. Kaza kila balbu, usije ukakuta imelegea tu. Kisha badilisha: toa ya sebuleni upeleke kwenye chumba ambacho haikonyezi. Ikikonyeza na huko, mbovu ni balbu, na mimi nitamrudia aliyeniuzia. Isipokonyeza, basi balbu haina kosa, na shida iko kwenye waya au swichi ya pale ilipotoka. Angalia pia kama zinazidi friji ikianza kunguruma. Na ameuliza swichi zenu ni za aina gani.

Tafadhali usipande kiti peke yako. Zima umeme kwenye mita na mtu akushikie. Ndiyo, wifi. Mkono wako haujasahau ulivyovunjika koridoni mwaka juzi, hata kama wewe umesahau.

Kuhusu kinyozi sisemi. Ila kweli, tangu kaka afariki wifi hajaniandikia hata salamu, na nikipiga simu anajibu ndiyo, hapana, nitamwambia. Zamani tulikuwa tukiongea mpaka chaji inaisha. Hilo nalo limekuwa likinikera, nilikuwa sijakwambia.

Kitinda

*

Nyumbani, 20 Mei

Kitinda,

Kaa chini kwanza.

Balbu nimezikaza. Zinakonyeza. Friji ingurume isingurume, zinakonyeza. Basi nikabadilisha kama alivyosema Volti wako. Ya sebuleni nikaipeleka chumbani kwa wifi yako, ya kwake nikaileta sebuleni. Yeye ndiye aliyenishikia kiti, na wala hakuuliza kwa nini.

Ile iliyokuwa ikikonyeza sebuleni, ilipofika kwake ikatulia tuli. Na ile ya kwake iliyokuwa tulivu, nilipoiweka sebuleni ikaanza kunikonyeza mimi. Nyumba nzima inacheza isipokuwa chumba kimoja, cha kwake. Sasa niambie huo ni umeme gani unaochagua mtu.

Nimemwita fundi wa mtaani. Akapanda, akashuka, akapiga-piga dari, akasema anataka kufungua swichi. Nikamwambia swichi ziache. Swichi zote hizo aliziweka mdogo wangu kwa mkono wake, na mtaa mzima unajua kazi yake ilikuwaje. Mwambie na Volti: swichi ni za marehemu, hazihusiki, mada imefungwa.

Sasa jambo la ajabu. Fundi alipogusa ile ya koridoni, wifi yako alitoka jikoni mbio, mikono ina unga, akasimama mbele ya ukuta. "Hiyo usiguse!" Sauti ile sijawahi kuisikia kwake. Kwa mara ya kwanza tangu aolewe tumekubaliana jambo, na ndiyo maana nimeogopa. Mimi nina sababu ya kulinda kazi ya ndugu yangu. Yeye analinda nini?

Haikuishia hapo. Alimsindikiza fundi hadi getini, nikawaona dirishani wananong'ona. Fundi akatikisa kichwa, akarudi ndani, akaniambia, "Mama, ni balbu tu hizi, utazizoea." Mtu aliyetaka kubomoa ukuta dakika chache kabla! Wamekula njama, Kitinda. Sijui njama gani, lakini wameila mbele ya macho yangu.

Dada yako

*

Kiwandani, 27 Mei

Wifi,

Salamu. Usishangae kupata barua, simu siku hizi hatuziwezi mimi na wewe.

Nakuuliza kwa upole, nawe unijibu hivyo. Ulimwambia nini yule fundi getini? Kwa nini hukutaka aguse swichi ya koridoni? Na kila jioni unafanya nini pale ukutani? Dada hana raha. Anaona taa zinakonyeza kila mahali isipokuwa kwako, na ana mawazo ambayo nikikuandikia utachana karatasi. Mpaka kinyozi yumo.

Mimi nimekutetea, lakini nitakutetea kwa lipi kama hunipi neno? Kama kuna kitu, niambie mimi kwanza. Dada akishaamua, unamjua.

Kitinda

*

Nyumbani, 3 Juni

Wifi Kitinda,

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza kwa hasira na ya pili kwa hasira zaidi.

Kinyozi nimemsikia. Ana mke, ana watoto watano, na hata nikipita mbele yake nikipiga ngoma hainui uso. Kiti amekigeuza kwa sababu asubuhi jua lilikuwa linampiga machoni. Hilo angeuliza mtu yeyote angeambiwa.

Nilichomwambia fundi ni changu. Ninachofanya pale ukutani ni changu. Sijaiba umeme, sijamwita mtu, sijaharibu kitu. Kuna mambo nikiyasema katika nyumba hii nitaambiwa namsingizia asiyeweza kujitetea, kwa hiyo afadhali nisingiziwe mimi, nina mdomo. Unasema simu siku hizi hatuziwezi. Kila tukiongea unaanza na "kaka alikuwa", na mimi nashindwa kumaliza sentensi. Sikujua kwamba ukimya wangu unahesabiwa.

Kama mnataka chumba, semeni chumba. Msizungukie kwenye balbu.

Wifi yako

*

Nyumbani, 9 Juni

Kitinda,

Ameondoka jana mchana.

Nilimwita sebuleni, nikazima taa mbele yake, tukasubiri wote wawili mpaka ikakonyeza. Nikamwambia, eleza. Akaitazama ile balbu, akanitazama mimi, akasema hana cha kueleza. Nikamwambia basi katika nyumba hii hawezi kukaa mtu ambaye hana cha kueleza. Akasema, "Sawa, wifi." Hivyo tu, kama nimemtuma chumvi dukani.

Amekwenda kwa dada yake, kule wanakobanana. Alichukua sanduku, cherehani yake na redio ya marehemu. Funguo aliziacha mezani. Hakulia, na hilo ndilo lililonithibitishia. Msichana asiye na kosa hulia, nimewaona wengi.

Alipofika mlangoni aligeuka akaniambia, "Koridoni utembee polepole." Nimeyageuza maneno hayo kila upande. Ni tishio? Ni laana? Wewe unaonaje?

Sasa nyumba itatulia.

Dada yako

*

Kiwandani, 17 Juni

Dada, shikamoo.

Volti alikuwa amepelekwa kwenye kiwanda kingine, amerudi jana, ndipo nikampa habari yote. Nilipofika kwenye chumba kimoja kisichokonyeza, akanikatiza. Akauliza, "Hizo swichi za marehemu, zina kitaa kidogo ndani? Kile chekundu cha kukuonyesha swichi ilipo gizani?"

Dada, moyo ulinilipuka.

Anasema swichi ya namna hiyo ukiizima haizimi umeme wote. Inaacha kidogo sana upite, ili kile kitaa kiwake. Balbu za zamani, zile za njano zenye waya ndani, hazikuujali, ulikuwa mdogo mno kwao. Hizi za LED zinaudaka. Zinaukusanya, zinaukusanya, ukitosha zinamweka mara moja, kisha zinaanza upya. Hakuna anayeiba. Hakuna anayemwita mtu.

Na unakumbuka vile vitaa viliwekwa lini? Ulipoanguka koridoni ukitafuta swichi kwa kupapasa, ukavunjika mkono. Kaka alibadilisha kila swichi unayoigusa wewe. Mimi nilikuwa likizo, nilimshikia bisibisi. Nikamuuliza na chumbani kwenu je, akasema huko hakuna haja, dada haingii, na sisi macho tunayo.

Kwa hiyo chumba chao peke yake kina swichi ya kawaida. Ndiyo maana hakikonyezi. Tumemhukumu wifi kwa sababu kaka alikupenda wewe. Nasema tumemhukumu kwa sababu na mimi nimo, ile barua niliyomwandikia ilikuwa na shutuma kuliko salamu.

Koridoni utembee polepole. Dada, alikuwa anakuaga.

Kitinda

*

Nyumbani, 25 Juni

Wifi,

Natumaini dada yako na watoto hawajambo. Barua ya namna hii sijui kuiandika. Bwenini aliyekosa ndiye aliyekuwa akiandika, mimi kazi yangu ilikuwa kusoma.

Siku ile ulipoondoka, jioni nilikaa sebuleni, nikazima taa, nikangoja itulie. Ikanikonyeza. Kinyozi alikuwa ameshafunga, wewe hukuwepo, hapakuwa na mtu wa kukonyezwa isipokuwa mimi. Nilijua palepale kwamba nimekosea, lakini nikajikaza kisabuni, sikumwambia hata Kitinda. Kila jioni nilikuwa nafunga mlango wa chumba changu mapema nisiione.

Kisha ikaja barua ya Kitinda kuhusu vile vitaa vyekundu. Nikamwita tena fundi, nikamwambia leo atasema ukweli au hatoki. Akasema aliujua tangu siku ya kwanza, akakwambia wewe, nawe ukamwambia, "Mwambie wifi ni balbu. Usimwambie ni kazi ya mdogo wake." Kumbe nilichokiona dirishani kilikuwa hicho.

Nikamruhusu afungue ya jikoni. Akatoa kitaa, akafunga, akazima. Tukaitazama balbu. Haikukonyeza tena. Fundi akafurahi, akataka aendelee na nyingine, nikamwambia aje kesho.

Maghrib ilipoingia nikaenda jikoni kuchukua maji. Sikuiona swichi. Nilipapasa ukuta, nikaangusha kopo la unga, nikapapasa tena, na mkono uliovunjika ukaanza kuuma kabla sijaanguka popote. Nikasimama gizani na unga miguuni nikaelewa. Mdogo wangu aliniwekea nyota nyumba nzima, na mimi nikakufukuza kwa sababu yake. Nililia, wifi, na mimi si mtu wa kulia. Halafu nikakumbuka nilivyosema kwamba asiye na kosa hulia. Yaani upuuzi huo nimeuamini maisha yangu yote.

Nilikukosea. Nimeliandika neno hilo, nimelisoma, nimeliacha hivyo hivyo.

Rudi. Chumba ni chako, na sisemi kwa heshima ya marehemu. Ni chako wewe. Redio irudi pia, nyumba imekuwa kimya mpaka naisikia friji inavyopumua.

Ile tiki ya jioni bado siielewi. Si lazima unijibu. Ila ukitaka kunijibu, jibu.

Wifi yako

*

Kwa dada, 2 Julai

Wifi mkubwa,

Shikamoo. Barua yako imefika, na dada yangu ameisoma kabla yangu, kwa hiyo anayejua ulivyoangusha unga si mimi peke yangu. Samahani.

Ningekwambia ni swichi za mume wangu, ungeniamini? Siku alipomaliza kuzifunga ulimwita jirani baada ya jirani waje kuviona vile vitaa. Ulikuwa unavizima na kuviwasha kama mtoto. Na yeye alikuwa amesimama nyuma yako, hajui aweke wapi mikono kwa furaha. Mimi ndiye niseme mbele yako kwamba kazi ile ina kasoro? Nilinyamaza. Nilikosea na mimi, maana nyumba ni ya kusemeshana, na niliacha ukuta wa mbao uongee badala yangu.

Tiki nakujibu. Siku zile alikuwa anapaka mlango wa mbele rangi ya bluu. Aliacha brashi, akaja kufunga swichi ya koridoni na vidole bado vina rangi. Pembeni ya swichi, upande wa chini, kuna alama ya dole gumba lake. Wewe hukuwahi kuiona kwa sababu ya macho, na mimi sikukuonyesha, nilikuwa naogopa utaisugua. Kila jioni naweka langu pale. Nabonyeza swichi, na nikiondoka nabonyeza tena, ukinisikia nionekane nina kazi. Fundi angefungua ile, angebandua rangi yote pale ukutani.

Nitarudi Jumamosi. Kitaa cha jikoni kirudishwe kilipokuwa. Jikoni na koridoni tuweke balbu za zamani, zile za njano, nimeuliza, nimeambiwa hizo hazikonyezi. Za LED za Kitinda zikae sebuleni, tuzizoee, kama alivyosema fundi.

Na mimi napika, kwa hiyo unga usiununue, nitakuja nao.

Wifi yako

*

Nyumbani, 10 Julai

Kitinda mdogo wangu,

Wifi yako amerudi. Kitaa cha jikoni kimerudi. Balbu za njano nimezitafuta maduka mengi, watu wananitazama kama naulizia taa ya mafuta, lakini nimezipata, na koridoni sasa kuna mwanga wa zamani na nukta nyekundu chini yake. Ya sebuleni inaendelea kukonyeza. Jana niliikonyeza na mimi, wifi yako akacheka mpaka akakaa.

Usifikiri nimebadilika. Kinyozi amekigeuza tena kiti chake, na safari hii hakuna jua la kulisingizia. Nafuatilia.

Kabla wifi yako hajafika, nilivaa miwani, nikawasha tochi ya simu, nikasogeza uso mpaka pua ikagusa ukuta. Lipo. Dogo, bluu, mistari yake yote inaonekana, limeinama kidogo kama alivyokuwa akiinamisha kichwa ukimwita. Sikulisugua. Niliweka na mimi langu.

Leo jioni nilikuwa nimekaa chumbani nikasikia kule koridoni tiki. Kimya. Tiki nyingine. Sikuchungulia.

Dada yako